Betri chini ya kitanda cha watoto: tuzihamishie wapi?

Shikamoo mzee fundi,

Mimi na mume wangu tunaishi Njiro, Arusha. Mwaka jana tulinunua HiAce iliyokuwa daladala, tukang'oa viti vya abiria na kuigeuza gari la kulala. Si gari la watalii. Ni letu sisi na watoto wetu wawili, wa miaka 9 na 6, kwa ajili ya likizo za shule. Nyuma kuna kitanda cha mbao kinachochukua upana wote wa gari. Mbele yake kuna kabati lenye jiko la gesi la mtungi wa kilo 6, friji ndogo ya volti 12, taa na feni. Juu ya paa tumefunga sola. Mume wangu ni mtu wa mikono, kazi nyingi kaifanya mwenyewe, na mimi najivunia hilo.

Umeme wa ndani hautoki kwenye betri ya gari. Tuna betri mbili za pembeni, za maji, ampea 100 kila moja. Nilizipima kwenye mizani ya duka la nafaka, kila moja ina kilo 28. Moja tulinunua mpya, ya pili tuliipata kwa jirani aliyekuwa akiitumia kwa sola ya nyumbani. Zimeunganishwa pamoja na kuwekwa kwenye sanduku la plaiwudi chini ya kitanda, karibu kabisa na mlango wa nyuma, zikafungwa kwa mpira wa tyubu. Inveta ya wati 1,000, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, iko mbele, nyuma ya kiti cha dereva, na waya wa 16 (milimita za mraba) unapita chini ya zulia kama mita 4 kuifikia. Nikiwasha blenda, inveta inalia na kuzima.

Juni tulikwenda Lushoto. Kuanzia Mombo, ule mlima wa kona, nilisikia kitu kinagonga nyuma kila tulipokata kona. Tulipofika tukapaki kwenye ua wa nyumba ya wageni. Kwa kuwa friji ilikuwa imemaliza umeme, mume wangu akachomeka chaja ya kawaida, ile ya gereji, kwenye umeme wa nyumba, akaiacha usiku kucha. Baridi ilikuwa kali, tukafunga madirisha yote. Saa nane usiku mwanangu mdogo akaniamsha: "Mama, kuna yai limeoza." Nikanusa, kweli, harufu ya yai viza. Nikafungua mlango hewa iingie, tukalala tena. Asubuhi watoto wote wawili wakalalamika kichwa. Nilipoinua godoro kutafuta hilo yai, nikagusa betri ya jirani: ilikuwa ya moto, na mbavu zake zimetuna kidogo.

Tangu siku hiyo hatukubaliani. Mume wangu anasema tuzihamishie chini ya viti vya mbele, karibu na inveta. Shemeji yangu anataka atengeneze sanduku la chuma lining'inie chini ya gari, pale linapokaa tairi la akiba. Fundi aliyetufungia sola anasema harufu ile ni ya kawaida, zibaki pale pale, tutoboe tu sanduku. Mimi nimefika mahali pa kutaka umeme wote utolewe, turudi kwenye tochi. Desemba tunatarajia kwenda Pangani. Nisaidie, mzee wangu. Betri zikae wapi?

Mama wa Wawili, Njiro, Arusha

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale mtoto aliposema kuna yai limeoza. Mshukuru sana huyo mtoto. Kabla hatujafika kwenye swali la mahali, nakuomba jambo moja leo hii: asilale mtu yeyote ndani ya gari hilo mpaka betri zitoke chini ya kitanda.

Betri ya maji ni risasi na tindikali. Ikishajaa na chaja bado inasukuma, umeme uliokosa kazi huanza kuyapasua maji ya ndani kuwa haidrojeni na oksijeni. Ndiyo ile michemko unayoisikia ukitega sikio juu ya vifuniko. Haidrojeni haina rangi wala harufu, na ikifikia asilimia 4 tu ya hewa iliyopo, cheche ya swichi inatosha kuilipua. Harufu ya yai viza ni gesi nyingine, salfidi ya haidrojeni, inayotoka betri ikichemshwa kupita kiasi. Hiyo ni sumu, na ina tabia moja mbaya: ikizidi, pua hufa ganzi, huinusi tena, ukadhani imeondoka. Kwa hiyo aliyewaambia kwamba harufu ile ni ya kawaida alikosea. Betri nzima, inayochajiwa sawasawa, hainuki hivyo.

Usiku ule wa Lushoto mambo kadhaa yalikutana. Chaja ya gereji haijui kusimama. Kazi yake ni kufufua betri ya gari kwa saa chache, fundi akiwa pembeni anaiangalia. Madirisha yalifungwa kwa sababu ya baridi. Na betri ya jirani, kwa jinsi ulivyoieleza, ya moto na imetuna, ina chumba kilichokufa. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kama volti 2. Kimoja kikifa, betri inabaki na volti 10 na kidogo. Chaja haina habari. Inaona betri haijajaa, inaendelea kusukuma mpaka asubuhi, na vyumba vitano vilivyobaki vinachemka. Ile mpya nayo, kwa kuwa zimefungwa pamoja, inanyonywa na mgonjwa usiku na mchana. Ndiyo maana friji ilimaliza umeme mapema. Betri ya zamani na mpya hazifungwi pamoja, hata kama zimeandikwa ampea zilezile.

Kuna swali halimo kwenye barua yako lakini lazima niulize. Hamkuingiza jiko la mkaa ndani kwa ajili ya baridi? Kama mliingiza, msirudie kamwe. Mkaa unatoa kaboni monoksidi, nayo haina harufu kabisa. Mtoto hawezi kuamka akwambie kuna yai limeoza. Kichwa kinauma, usingizi unakolea, basi.

Siku ya kuzitoa iwe mchana, milango yote wazi kwa nusu saa kabla hamjagusa chochote, na mtungi wa gesi uwe umeshatolewa nje. Zimeni inveta na friji. Tenganisheni nyaya za sola zinazotoka kwenye paa kwanza, ndipo muende kwenye betri, na kwenye betri anzeni na hasi. Mumeo avue pete na saa. Bado ninayo karakanani spana namba 13 iliyoliwa mdomo: mwanafunzi wangu alikuwa akilegeza chanya kabla ya hasi, spana ikagusa bodi la gari, ikapiga shoti, na kwa kufumba na kufumbua chuma kikayeyuka kama nta. Alikuwa hana pete, nashukuru. Ukiona unyevunyevu chini ya betri, ni tindikali. Mwagieni bekingi soda ya maandazi iliyochanganywa na maji mpaka iache kutoa povu, halafu suuzeni kwa maji mengi. Si kostiki soda ya sabuni, tafadhali. Hiyo nayo inaunguza.

Zikishatoka, zitenganisheni, ziacheni zipumzike saa kadhaa bila chaja, halafu pimeni kwa mita. Betri ya maji iliyojaa na kupumzika inasoma volti 12.6 hadi 12.7. Ikisoma karibu na 10.5, msihangaike nayo, hata kwa dawa za kufufua betri zinazouzwa mitaani. Na iliyotuna msiirudishe kwenye chaja kabisa, isome itakavyosoma. Ile mpya ipelekeni kwa fundi betri mwenye kipimo cha uzito wa tindikali. Vyumba vyote sita vikisoma karibu na 1.265 au 1.28, ni nzima. Kimoja kikiachana na wenzake kwa zaidi ya 0.05, nayo imeshaambukizwa.

Sasa mahali.

Nianze na pale zilipo, maana wengi huweka hapohapo kwa sababu mlango wa nyuma ukifunguliwa betri inashikika kirahisi. HiAce kama hizi zilizokuwa daladala, zile za kawaida, zina mita 2.57 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Kinachokaa nyuma ya ekseli ya nyuma ni kama mtoto aliyekaa mwisho wa bembea ya mbao. Betri zenu za kilo 56, zikiwa mita 1 nyuma ya ekseli, zinaiongezea ekseli ya nyuma kilo 78, na zile 22 za ziada zinaondoka mbele, kwenye magurudumu yanayokata kona. Kilo 22 peke yake si janga. Lakini juu yake kuna kitanda, magodoro, mabegi na tairi la akiba, vyote upande uleule. Kwenye kona za Mombo dereva anausikia usukani umekuwa mwepesi.

Kinachonitisha zaidi ni mpira wa tyubu. Ule mlio wa kugonga mliousikia ni betri ikitembea ndani ya sanduku. Piga hesabu nami. Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, likagonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita, kila kilichomo ndani kinataka kuendelea mbele kwa nguvu kama mara 20 ya uzito wake. Kilo 56 zinakuwa kama kilo 1,120. Zaidi ya tani moja inatoka nyuma kuelekea mlipokaa, na ndani yake kuna tindikali. Mpira wa tyubu ni wa kufungia magunia juu ya keria. Hata huko nao huachia.

Chini ya viti vya mbele. Mumeo ana hoja, na nitairudia mbele kidogo, kwamba betri na inveta vinatakiwa vikae jirani. Lakini kwenye HiAce injini yenyewe iko chini ya viti hivyo. Mkae safari ya saa tano kutoka Arusha kwenda Mombo, halafu uweke mkono kwenye kifuniko cha injini, utajua. Betri ya risasi ikiishi kwenye joto lililozidi kwa nyuzi 10 la Selsiasi, maisha yake yanapungua kama nusu: ya miaka minne inakwenda miwili. Na kila mafuta ya injini yatakapobadilishwa, vitu vyote vya hapo vitakuwa njiani mwa fundi.

Shemeji naye asidharauliwe. Chini ya gari gesi inaondoka yenyewe, na uzito unakuwa chini, jambo zuri. Malori yanafanya hivyo siku zote. Lakini lori lina chasisi iliyoinuka juu, ninyi mna nafasi isiyofika sentimita 20 kutoka chini hadi barabarani. Jiwe moja la barabara ya vumbi, tuta moja lisilo na alama, kijito kimoja cha masika kilichofurika, na sanduku ndilo litakalogonga kwanza. Pangani kuna chumvi hewani, na chuma kilichochomelewa pale karibu na magurudumu kitaanza kuoza kabla ya mwaka. Tena pale tairi la akiba linapokaa bado ni nyuma ya ekseli, tatizo la bembea liko palepale, na betri iliyo nje inaibika ndani ya dakika tano.

Ningekuwa mimi, ningeziweka sakafuni, upande wa dereva, nyuma tu ya kiti chake, mkabala na mlango wa kusukuma. Hapo ziko katikati ya ekseli mbili, uzito unagawana mbele na nyuma. Ziko mbali na vichwa vya watoto. Ziko mbali na joto kubwa la injini, ingawa wekeni nafasi ya kiganja kati ya sanduku na kiti. Dereva mwenyewe yuko upande huo, kwa hiyo madumu ya maji na mtungi wa gesi vihamie kushoto ili gari lisiegemee. Kuna sababu nyingine ya kutenganisha betri na mtungi. Haidrojeni ni nyepesi, inapanda juu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inashuka na kutambaa sakafuni kama maji, ikitafuta cheche. Msiziweke kabati moja.

Halafu angalia zawadi mliyopata: inveta tayari iko hapo. Nilimaanisha hili niliposema mumeo ana hoja. Ile blenda inayozimika, ubaya hauko kwenye inveta. Wati 1,000 kwenye volti 12 ni karibu ampea 90 hadi 100, ukihesabu na kinachopotea ndani ya inveta. Mita 4 kwenda na 4 kurudi ni mita 8 za shaba, na kwa waya wa 16 mnapoteza karibu volti 0.9 njiani, kabla umeme haujafika. Betri iliyotumika nusu inasoma kama 12.2, ikibanwa na mzigo inashuka tena, toa hiyo 0.9, na inveta inaona 11 au chini yake, inalia, inazima. Hiyo 0.9 haipotei bure, inageuka moto: kama wati 90 zinaupasha waya uliolala chini ya zulia wanapocheza watoto. Ung'oeni. Betri ikikaa karibu, mtatumia waya wa 35 wenye mita 1 tu kwenda na 1 kurudi, na hasara itashuka hadi volti 0.1. Blenda itasaga.

Waya huo uwe na fyuzi ya ampea 125 upande wa chanya, si zaidi ya sentimita 20 kutoka kwenye betri, lakini nje ya sanduku la betri, siyo ndani. Ndani ya sanduku la betri ya maji hapakai kitu chochote kinachoweza kutoa cheche: si swichi, si relei, si inveta, si kidhibiti cha sola. Nimeona magari mengi yenye fyuzi, ila imefungwa jirani na inveta. Waya ukichubuka katikati, fyuzi ya namna hiyo haina la kufanya; umeme wote wa betri unaishia kwenye bodi la gari na moto unaanza pale.

Sanduku lenyewe. Plaiwudi peke yake tindikali itaila. Ndani wekeni trei ya plastiki ngumu inayoweza kubeba maji ya betri yote yakimwagika, kifuniko kibanwe kwa mpira wa kuzuia hewa, na sehemu ya juu kabisa ya sanduku itoke bomba la mpira lenye tundu la milimita 20 au zaidi, lipande bila kukunjwa kisha litoke nje ya gari. Mdomo wake utazame chini au nyuma, mbali na dirisha na mbali na ekzosi. Tundu la pili, la kuingiza hewa, liwe chini ya sanduku, lipite sakafuni likiwa na wavu wa kuzuia panya na vumbi. Fundi wenu aliposema mtoboe tu sanduku, matundu yale yangetolea wapi? Chini ya godoro.

Kushikilia sanduku ndiko kazi ilipo, na hapa msibanie hela. Tengenezeni fremu ya chuma cha pembe, kile ambacho wachomeleaji wanakiita engo, inayoikumbatia betri chini kuzunguka pande zote nne, na juu ipite pau moja inayobanwa kwa boliti ndefu pande mbili. Pau ikae juu ya plastiki ya betri ikiwa imevishwa raba, isikaribie vichwa vya betri. Fremu hiyo ndiyo ifungwe kwenye gari, na sanduku lifuate. Kabla hamjatoboa, tafuteni sakafuni matundu ya viti vya abiria mlivyong'oa. Yale ya kiwandani yana nati iliyochomelewa na chuma kilichoongezwa unene. Yalitengenezwa kumshika mtu kwenye ajali. Yale yaliyotobolewa na mafundi wa mtaani kuongeza siti ya nne msiyaamini, mengi yamepita kwenye bati tupu lenye unene wa milimita moja.

Kama hakuna la kiwandani linalofaa, basi mumeo alale chini ya gari kwanza na tochi, achungulie tangi la mafuta, mabomba ya breki na nyaya viko wapi. Atie alama. Ndipo atoboe. Boliti nne za M10, yaani za unene wa milimita 10, na kichwani zisomeke 8.8, ndicho kiwango cha nguvu yake, pitisha kidole juu ya kichwa cha boliti utaisikia namba imechongwa. Isiyo na namba iacheni dukani. Chini ya sakafu, kila boliti ipite kwenye bamba la chuma la upana wa kiganja na unene wa milimita 5, siyo washa peke yake. Boliti ya namna hiyo haikatiki kirahisi, ni bati ndilo litakalochanika, na bamba linagawa nguvu. Kila tundu lipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya boliti kuingia, na silikoni baada yake.

Umeandika betri zimenunuliwa moja mpya, moja ya mkono wa pili. Ile ya jirani inakwenda kwa wanaonunua betri chakavu, hilo halina mjadala. Na kwa kuwa mnahitaji nyingine, nikushauri kama ningemshauri binti yangu: mkiweza, msinunue tena ya maji. Gari ambalo watoto wanalala ndani yake linafaa betri ya lithiamu ya fosfati ya chuma, dukani utaona imeandikwa LiFePO4. Moja ya ampea 100 ina uzito wa kilo 12 hivi, na unaweza kutumia sehemu kubwa ya umeme wake, asilimia 80 na zaidi. Ya risasi ukivuka nusu mara kwa mara unaiua. Kwa hiyo moja hiyo inafanya kazi ya zile mbili zenu, kwa kilo 12 badala ya 56, na haitoi gesi ikiwa kwenye matumizi ya kawaida. Bei yake inauma, najua, ndiyo maana sisemi ni lazima. Na ina masharti. Chaja ya gereji haiijui. Kidhibiti cha sola lazima kiwe na mpangilio wake. Msiiunge moja kwa moja na altaneta ya gari, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka, kwa sababu inavuta umeme kwa uchu mpaka altaneta iungue. Kati yao kuna chaja maalumu ya volti 12 kwenda volti 12. Haipendi kuchajiwa kwenye joto kali, kwa hiyo bado isikae chini ya kiti cha mbele. Na kilo 12 mara 20 ni kilo 240, kwa hiyo fremu na boliti viko palepale.

Mkichagua risasi kwa sababu ya bei, chukueni mbili mpya za aina moja, zilizotoka dukani siku moja, za AGM zilizozibwa, ambazo tindikali yake imefyonzwa kwenye nyuzi za kioo. Hizo gesi yake kidogo hurudi ndani yenyewe. Lakini zina vali, na zikichajiwa vibaya vali inafunguka, kwa hiyo bomba la kutolea hewa halikwepeki. Kwa vyovyote vile, chaja ile ya gereji isiingie tena kwenye gari hilo. Nunueni yenye kujipunguza yenyewe betri ikijaa, na mita iliyowekwa kwenye vichwa vya betri za risasi zikiwa zinachajiwa isisome zaidi ya karibu 14.7.

Na wewe, mama, usirudi kwenye tochi. Feni usiku Pangani utaihitaji, na friji ya maziwa ya mtoto pia. Kuogopa kwako kulikuwa sahihi kabisa. Ni betri zilizokaa pabaya, umeme hauna kosa.

Likizo ikifika, fungeni kila kitu wiki mbili kabla. Laleni ndani ya gari uani kwenu usiku mmoja, chaja mpya ikiwa imewashwa, wewe ukae macho na pua yako, watoto wakiwa ndani ya nyumba. Mkiondoka kwenda Pangani, simameni Same, kama kilomita 100 baada ya Moshi, mkaze nati zote nne upya, kwa sababu chuma kipya hujikalia safari ya kwanza. Mumeo akaze, wewe ushike sanduku kwa mikono miwili na ulitikise. Likisogea hata kidogo, hamwendi mbele.